Kwa Nini Op-ampu Imekwama Karibu na Sifuri?

Swali: Mhariri, ninaiga kwa LTspice (programu ya kujaribia saketi kwenye kompyuta) amplifaya ya LM358, yaani op-ampu, chipu ya kukuza ishara, inayotumia betri ya volti 9. Rezista mbili za kiloomu 100 zinagawa volti hizo nusu kwa nusu, na kapasita ya maikrofaradi 10 inatuliza nukta ya kati. Nimeiga milisekunde 20 kwa amri ya uic, lakini volti za kutokea zimebaki karibu na sifuri. Je, nibadilishe op-ampu?

Jibu: Usiibadilishe, ndugu msomaji. Amri ya uic huifanya programu iruke hesabu ya hali tulivu (volti za saketi zikishatulia, kabla ya ishara), hivyo kapasita huanza ikiwa tupu, na kwa kuwa rezista hizo huichaji kana kwamba ni moja ya kiloomu 50, baada ya milisekunde 20 nukta ya kati bado haijafika hata volti 0.2, na volti za kutokea huifuata. Ondoa uic, na nukta hiyo itaanza kwenye volti 4.5. Hata hivyo, nakusihi uige pia sekunde 3 ukiwa na uic, kwa sababu kifaa halisi nacho kitachelewa vivyo hivyo kila kinapowashwa. Kagua vilevile rezista ya mrejesho (sehemu inayopanga ukuzaji) inayoelekea ardhini: isipokuwa na kapasita ya mfululizo ya kuzuia volti zisizobadilika, volti 4.5 zitakuzwa pamoja na ishara yako, na volti za kutokea zitakwama juu.