Klachi haikati, gia zinagoma: maswali ya wenye malori ya zamani

Maswali ya safari hii yametoka kwa madereva, mafundi na wenye magari wa Arusha na Moshi. Yote yanahusu malori ya zamani yenye klachi ya mafuta, yaani inayosukumwa na mafuta ya breki kupitia bomba.

Canter yangu ya kubeba mchanga, ikiwa imezimwa gia zote zinaingia laini. Nikiwasha, namba moja inagoma na rivasi inakwaruza. Fundi anataka kushusha giaboksi. Nimruhusu? – Dereva, Himo

Asishushe kwanza. Gia zinazoingia laini injini ikiwa imezimwa, kisha zikagoma ikiwaka, maana yake klachi haikati: pleti ya klachi bado inaburuzwa na flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini), na shafti ya giaboksi inaendelea kuzunguka. Kazi ya kushusha giaboksi ni siku nzima na pesa nyingi, na mara nyingi ugonjwa uko nje, kwenye klachi ya juu (silinda ya kwenye pedali) au ya chini (silinda ya kwenye giaboksi).

Hakikisha kwa rivasi. Washa gari, usikanyage mafuta, kanyaga klachi hadi mwisho, hesabu sekunde 10 ndipo uingize. Rivasi ya giaboksi nyingi za zamani haina sinkronaiza (kifaa cha kulinganisha mwendo wa gia kabla hazijashikana), kwa hiyo ikikwaruza hata baada ya kusubiri hivyo, klachi haikati. Sasa pampu pedali haraka mara tatu au nne, jaribu tena. Ikiingia vizuri, shughulika na mafuta: kuna upepo ndani, au raba za silinda zimechoka, au pedali haikusetiwa sawa.

Pampu isipobadilisha kitu, pima. Zima gari, weka vigingi kwenye matairi, mtu mmoja akae kwenye usukani na wewe uingie chini na rula. Piga alama ya chaki kwenye ile fimbo ya klachi ya chini inayosukuma uma (mkono wa kuachia klachi), kisha akanyage hadi mwisho. Kwenye malori mengi madogo fimbo inatembea zaidi ya sentimita moja. Ikitembea milimita 6 au 7 tu, usitegemee klachi ikate. Mwambie aendelee kukanyaga dakika nzima bila kuachia. Fimbo ikianza kurudi taratibu na hakuna tone linalodondoka popote, raba ya klachi ya juu inapitisha mafuta kwa ndani. Funua pia raba ya vumbi ya klachi ya chini, na upapase chini ya dashibodi pale fimbo ya pedali inapoingia kwenye silinda. Ukikuta unyevu, umepata mvujo.

Fimbo ikitembea vya kutosha na kutulia, na rivasi bado inakwaruza, hapo mruhusu fundi ashushe. Atafute uma uliopinda au kulika, vidole vya presha pleti (sahani inayobana pleti) vilivyochoka, pleti iliyopinda, au paileti beringi (beringi ndogo inayoshika ncha ya shafti ya giaboksi) iliyokwama.

Tumeweka raba mpya juu na chini, tumetoa upepo tukachoka, pedali bado laini kama sponji. – Fundi, Ngaramtoni

Upepo upo, ila hauna pa kutokea. Angalia kwanza nipo (skrubu ya kutolea upepo) ya klachi ya chini: lazima iwe sehemu ya juu kabisa ya silinda. Kama silinda imekaa kwa namna ambayo nipo iko chini ya sehemu nyingine, upepo utajikusanya juu yake na hautoki hata ukanyage hadi jioni. Fungua bolti za silinda, iinue mpaka nipo itazame juu, sukuma pistoni ndani kabisa na uishikilie hivyo unapotoa upepo.

Vaa mpira mwembamba unaoonekana ndani kwenye nipo, mwisho wake uzame kwenye chupa yenye mafuta ya breki. Utingo akanyage polepole hadi chini na ashikilie. Fungua nipo, funga, ndipo aachie. Akiachia kabla hujafunga, mnavuta upepo upya. Kopo la mafuta la juu lisipungue chini ya nusu. Uwe na nusu lita ya DOT 3 au DOT 4 kutoka chupa iliyokuwa imefungwa, kwa kuwa mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa. Mapovu yakiisha na pedali bado ni laini, shika ule mpira mfupi unaounganisha bomba na silinda huku mwenzako anakanyaga. Ukiusikia unavimba mkononi, badilisha.

Kijana wangu aliishiwa mafuta ya klachi njiani akaongeza oili ya injini kidogo. Ina madhara? – Mama mwenye gari, Pasua

Mama, shikamoo. Ndiyo, tena makubwa. Oili ya injini huvimbisha raba za mfumo huu. Pedali inaanza kunata na klachi inakataa kuachia au kushika. Kubadilisha mafuta peke yake hakutoshi. Raba zote za juu na chini pamoja na mpira wa kuunganishia vibadilishwe, mabomba na kopo visafishwe kwa spiriti, visitumike petroli wala dizeli. Halafu muulize fundi jambo moja kabla ya yote: kopo la klachi ni lile lile la breki? Kwenye baadhi ya magari ni moja. Kama ni hilo, breki nazo zimeingiwa, na tunakuomba gari lisisogee hapo lilipo mpaka zishughulikiwe zote.

Asubuhi za mwezi wa saba gia ya pili ni ngumu, jua likitoka inalainika. – Sakina

Klachi haihusiki. Kuna uwezekano mkubwa giaboksi imewekewa oili nzito, namba 140 ya difu. Mwaga ikiwa ya moto, weka 80W-90 ya daraja la GL-4 kama kitabu cha gari kinavyotaka, ijae mpaka ichungulie kwenye tundu la kujazia.

Klachi ni mpya, lakini nikipanda kutoka Mto wa Mbu na mzigo inateleza. Ikipoa inashika. – Dereva, Karatu

Bonyeza pedali kwa mkono. Lazima kuwe na mchezo kidogo kabla fimbo ya pedali haijagusa pistoni ya klachi ya juu, kama milimita moja kwenye fimbo yenyewe. Fimbo ikirefushwa kupita kiasi, pistoni inaziba tundu dogo la kurudishia mafuta kwenye kopo. Joto likipanda mafuta yanatanuka, hayana pa kwenda, na yanasukuma klachi bila mguu wako.

Ikianza kuteleza, simama mahali salama, zima, weka vigingi, na mguu usiguse pedali. Legeza nipo kidogo. Mafuta yakiruka kwa nguvu, kuna presha iliyonaswa. Funga nipo, ongeza mafuta kwenye kopo, fupisha fimbo hadi mchezo urudi. Ikijirudia hata baada ya hapo, mpira wa kuunganishia umeziba kwa ndani. Na kama mafuta hayakuruka kabisa, kagua sili ya nyuma ya injini na ile ya mbele ya giaboksi, kwa sababu huenda pleti yako mpya imelowa oili.