Anza na kiboksi chenye mfuniko

Mdogo wangu, umeuliza kama mazoezi ya kuchora kwenye kompyuta yanatosha, maana printa ya 3D (mashine inayojenga kitu kwa kupanga matabaka ya plastiki iliyoyeyushwa) hapo chuoni ni moja na foleni haiishi. Yanakufikisha mbali, ila chora kitu kinachopimika. Pakua FreeCAD, programu ya bure ya kuchora vitu kwa vipimo, uchore kiboksi chenye mfuniko. Ukivipa kipimo kilekile, mfuniko hautaingia, kwa sababu plastiki iliyoyeyuka hutambaa kidogo pembeni inapobanwa. Acha nafasi ya milimita 0.2 kila upande. Zamu yako ikifika, printi ukingo wa boksi na wa mfuniko tu, hautatumia muda mrefu, halafu pima kwa kalipa (kifaa cha kupimia vipimo vidogo kwa usahihi) na urekebishe mchoro. Sanamu za mapambo ziache kwanza, kwa kweli hazikufundishi vipimo.