Kabla mtoto mwenye ugonjwa wa kurithi hajalazwa usingizi kwa ajili ya meno

Daktari wa meno hulijua jino, lakini anayechagua dawa ya kumlaza mtoto wako ni daktari wa usingizi. Asipojua jina la ugonjwa, atampa dawa anazompa kila mtu. Omba kumwona wiki mbili kabla, si asubuhi ile mlangoni pa thieta, chumba cha upasuaji. Beba barua ya kliniki, dawa zote anazotumia, majibu ya eko (kipimo cha picha ya moyo) kama ilipigwa. Mtaje pia ndugu yeyote aliyepatwa na matatizo akiwa usingizini, hata yule mjomba mliyesikia tu kwamba alifia thieta.

Mvulana mwenye Duchenne, ugonjwa wa kudhoofika misuli, akidungwa suksamethoni, dawa ya kulegeza misuli, misuli huachilia potasiamu nyingi kwa ghafla na moyo unaweza kusimama. Halothani na sevoflurani, dawa za usingizi za kuvutwa puani, nazo ni za kuepukwa kwake. Alazwe kwa dawa za mshipani kama propofoli. Mtoto huyu asifanyiwe kazi pasipo na mashine za kumsaidia kupumua baadaye. Heri safari ya kwenda hospitali ya rufaa Kisumu, Nakuru au Eldoret.

Selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, si nadra huku kwetu kando ya Ziwa Viktoria. Hapo adui mkubwa ni kiu, baridi na upungufu wa oksijeni, maana ndivyo vinavyozikunja chembe nyekundu hadi zizibe mishipa. Chakula na maziwa ya ng'ombe viachwe masaa 6 kabla, maziwa ya mama masaa 4, maji masaa 2. Chai ya maziwa ni chakula. Lakini mtoto akinyimwa hata maji tangu jioni, halafu foleni ikasogea hadi saa nane mchana, ameshaanza kuumia kabla ya kuguswa. Dai awe wa kwanza kwenye orodha, na ikichelewa awekewe dripu. Nenda na blanketi.

Mwenye hemofilia, ugonjwa wa damu kutoganda, apewe faktari (kigandisha damu anachokikosa) kabla, na mpira wa kupumulia upitie mdomoni; wa puani, ambao kazi ya meno huupenda, unaweza kumtoa damu isiyokoma. Mwenye ugonjwa wa kurithi wa ngozi ya malengelenge asibandikwe plasta ya kawaida: ikibanduliwa hutoka na ngozi.

Kila kulazwa usingizi ni hatari mpya, hivyo meno yote yamalizwe siku hiyo: piksha za eksirei, kuziba, kung'oa. Jino lenye shaka ni bora ling'olewe kuliko kuzibwa likamrudisha thieta mwaka ujao. Uliza pia kama shashi iliyowekwa kooni wakati wa kazi imetolewa na kuhesabiwa; ikisahaulika huziba pumzi.

Kama nyumbani ni Bondo au Mumias, alale wodini usiku ule. Mwenye selimundu akipata homa, maumivu ya kifua au akipumua kwa shida siku zinazofuata, mrudishe hospitali usiku huohuo, hata kama kliniki yake ni kesho.