Re: Scrabble kwa Kiswahili, seti ya Kiingereza

Mkuu, umeuliza mfanye nini na Q na X, na kama "analima" ni halali. Scrabble ni mchezo wa kupanga vibao vya herufi kuwa maneno, kila herufi na pointi zake, na seti hiyo imepangwa kwa Kiingereza: kati ya vibao 100, E ziko 12, A 9, na K moja tu! Kiswahili bila K utacheza nini? Sisi hapa Mafinga tulibandika plasta juu ya Q, X na E mbili, tukaandika K kwa kalamu ya wino, pointi moja kila kibao. E nyingine tatu zikawa A. Plasta ikianza kubanduka badilisha, maana wajanja huikariri.

Vitenzi ndiyo kesi kubwa. Ukiruhusu viambishi, mtu anaweka "lima" anapata pointi 6, mwenzake anaongeza "ana" mbele anabeba 9, wa tatu anachomeka W moja, "wanalima", 13. Neno moja limelisha nyumba nzima. Mimi nakataa. Ruhusuni vinyambuliko tu, kama limia, limwa, limisha, na kubalianeni kabla ya kuchota herufi.

Ubishi ukizuka, Kamusi ya Kiswahili Sanifu iamue, ishikwe na asiyecheza. Mwezi wa saba, baridi ikitufungia ndani, bibi aliweka "kamwene", herufi zote saba za mkononi kwa mkupuo, akadai bonasi yake ya pointi 50. Kihehe hicho, kwenye kamusi hakimo, ila nani angemwambia bibi? Shemeji alijaribu, akanyimwa chai.

Kwa wageni wasiojua Kihehe, shikilieni kamusi.