Kabla Hujagusa Tovuti ya Mtu: Kwa Wanaoanza Kazi ya SEO

Wadogo zangu mnaoingia kwenye kazi hii ya SEO, yaani kuisaidia tovuti ionekane kwenye matokeo ya utafutaji, swali la kwanza mtakaloulizwa na mteja ni "Lini nitatokea wa kwanza Google?" Msimpe tarehe. Hakuna awezaye kuahidi nafasi ya kwanza, na Google wenyewe wameliandika hilo kwenye mwongozo wao. Nafasi zinazolipiwa ni za matangazo na zinaonyeshwa hivyo. Zile nyingine haziuzwi. Badala ya kuahidi, muulize na wewe: "Mteja wako akitafuta unachouza, anaandika maneno gani?"

Thamani ya swali hilo niliiona kwenye kitalu kimoja cha miche ya parachichi mkoani Njombe. Miche ya Hass, aina mojawapo ya parachichi, ilikuwa mizuri, picha safi, tovuti imejengwa kwa pesa ya kutosha. Kichwa cha ukurasa wa kwanza kilisema "Mwanzo", basi. Chini yake: "Suluhisho bunifu kwa kilimo endelevu." Mkulima wa Rungwe mwenye ekari mbili haandiki hivyo kwenye simu yake. Anaandika "bei ya miche ya parachichi", "Hass inazaa baada ya miaka mingapi", "nafasi kati ya mche na mche". Maneno hayo hayakuwemo mahali popote kwenye tovuti ile.

Tukakaa na kijana anayepokea simu pale kitaluni, akatusomea meseji za wateja za miezi miwili. Kila swali lililojirudia tuliliandikia ukurasa wake wenye jibu kamili, na bei juu. Mwenye kitalu aliogopa kuweka bei kwa sababu ya washindani. Nilimwelewa, lakini nilisisitiza: anayetafuta bei asipoikuta kwako ataikuta kwa jirani. Kichwa cha ukurasa tukakibadilisha kiwe "Miche ya Parachichi Hass Njombe: Bei na Jinsi ya Kuagiza". Hicho ndicho mtu anachokiona kwanza kwenye matokeo, kwa hiyo kila ukurasa uwe na chake. Yale maelezo mafupi yanayotokea chini yake hayapandishi ukurasa, ila yanamshawishi mtu aufungue. Ile orodha ya maneno muhimu inayofichwa ndani ya msimbo iacheni kabisa. Google walitangaza tangu 2009 kwamba hawaitumii kupanga matokeo.

Kabla ya hayo yote, hakikisha Google wanaweza kuisoma tovuti. Hapa nina kosa langu. Niliwahi kuikabidhi tovuti mpya, nikasubiri wiki sita, haionekani popote. Niliandika upya kurasa, nikabadilisha picha, nikamwomba mteja avumilie. Kumbe wakati wa ujenzi niliweka tiki kwenye kile kisanduku cha WordPress, programu ya kujengea tovuti, kinachoiambia mitambo ya utafutaji isiiorodheshe tovuti, na nilisahau kuiondoa. Mteja alipoteza msimu mzima wa mauzo kwa tiki moja. Tangu siku hiyo, kazi yoyote naianza kwa kuandika site: na jina la tovuti kwenye Google nione nini kinatokea, kisha nafungua Search Console, zana ya bure ya Google inayomwonyesha mwenye tovuti jinsi inavyoonekana kwenye utafutaji, na kukagua anwani moja moja za kurasa muhimu.

Kuna mtego mwingine jirani na huo. Faili ya robots.txt inazuia roboti, yaani programu ya Google inayopitia tovuti, kusoma ukurasa, lakini haizuii anwani yake kuonekana kwenye matokeo kama kuna tovuti nyingine inayouelekezea. Ukitaka ukurasa usionekane, weka ndani yake alama ya noindex, inayosema usiorodheshwe, na uache mlango wazi; ukifunga kwa robots.txt, roboti hawezi kuingia aione hiyo alama. Nimeona mafundi wazoefu wakikwama hapa kwa siku kadhaa. Na ukibadilisha anwani ya ukurasa, elekeza ya zamani kwenye mpya kwa 301, yaani uelekezaji wa kudumu, la sivyo viungo (linki) vyote vilivyokuwa vikikuletea wageni vinaishia kwenye kosa la 404, ukurasa haupatikani.

Simu nayo. Google husoma toleo la simu kwanza, kwa hiyo kisichokuwepo kwenye toleo hilo usitegemee kihesabiwe. Punguza ukubwa wa picha. Mteja wako analipia bando.

Viungo vya kutoka tovuti nyingine msinunue. Tangu Penguin, sasisho la Google la 2012 dhidi ya viungo vya hila, biashara hiyo imeporomosha tovuti nyingi. Kile kitalu kilipata viungo vyake vya kwanza kutoka kwa chama cha ushirika kilichonunua miche na kuandika habari zake, vichache lakini vya kweli. Tuliandikisha pia eneo lao kwenye ramani za Google, bila malipo, na simu za kuuliza njia zikaanza kuingia mapema kuliko nilivyotarajia.

Baada ya miezi minne nilifungua ripoti ya maneno kwenye Search Console na kukuta swali tusilolifikiria: "kwa nini parachichi linapukutisha maua". Ukurasa wetu wa bei ulikuwa unatokea huko chini sana, bila jibu lolote kwa aliyeuliza. Nilimpigia yule kijana wa kitaluni. Akanieleza kwa dakika ishirini, nami nikawa naandika.