Mwandishi hugundua, huvumbua au hubuni?

Swali: Nimesoma mahali kwamba mwandishi wa riwaya Mfaransa, Jules Verne, “aligundua” nyambizi, kwingine kwamba “aliivumbua”, na kwingine tena kwamba “aliitabiri”. Kitenzi kipi ni sahihi?

Jibu: Katika hivyo vitatu, sioni hata kimoja kinachomfaa Verne. Kugundua ni kukijua kitu ambacho tayari kipo ila kilikuwa hakijulikani, kama vile sayari au kimelea cha malaria, na ndiyo maana hata mhandisi hagundui mashine. Kuvumbua nako kuna maana ya kufichua kilichofichika, lakini leo neno hili hutumika zaidi kwa mtu anayeunda chombo kipya kinachofanya kazi. Nayo nyambizi ilikuwa imekwisha kuundwa, kwani mhandisi Mmarekani Robert Fulton aliijaribu yake nchini Ufaransa mwaka 1800, tena akiiita Nautilus, jina lile lile ambalo Verne alikipa chombo cha riwaya yake miaka 70 hivi baadaye.

Mimi ningesema “alibuni”, kwa sababu kubuni ni kutoa jambo akilini, liwe litatendeka au lisitendeke. Hata hivyo, wahandisi nao hubuni, kwa hiyo “Verne alibuni nyambizi” bado inaweza kumpotosha msomaji, ilhali “alibuni nyambizi ya umeme katika riwaya yake” haimwachii shaka.

Kutabiri ndicho kitenzi chenye mtego zaidi. Anayetabiri hudai kwamba jambo litatokea, kisha hukaa kando akilingoja, kama mtabiri wa hali ya hewa ambaye hailetei nchi mvua. Mwandishi Mwingereza H. G. Wells aliandika juu ya mabomu ya atomiki katika riwaya ya mwaka 1914. Mwanafizikia Leo Szilard akaisoma mwaka 1932, na mwaka uliofuata akapata wazo la mmenyuko mfululizo wa nyuklia, yaani tukio moja katika kiini cha atomu kuzusha mengine, jambo linaloendesha bomu la atomiki, wazo ambalo baadaye alilisimulia akiitaja riwaya hiyo. Kwa hadithi iliyoingia kichwani mwa mtaalamu namna hiyo, “alidokeza” au “alitangulia kuwaza” ni bora kuliko “alitabiri”.

Wapo pia wanaoandika kwamba mwandishi Mcheki Karel Čapek “alivumbua roboti” katika tamthilia yake ya mwaka 1920. Kilichotoka humo ni neno tu, lenye asili ya neno la Kicheki linalomaanisha kazi ya shokoa, yaani ya kulazimishwa, na hata “alibuni neno roboti” haitamfaa, kwa kuwa Karel mwenyewe alieleza kwamba aliyelipendekeza ni kaka yake, Josef.