Kukutana na neno usilolijua ukiwa unasoma

Ndugu uliyeuliza kama kila neno geni ni lazima ulifungulie kamusi: hapana, utachoka kabla ya ukurasa wa tatu. Malizia kwanza sentensi, na ikibidi hata ile inayofuata, ndipo ukisie.

Tazama hii: “Maji yalipopungua, nahodha aliuchukua upondo mrefu, akauchomeka chini na kuisukuma ngalawa hadi ufukweni.” Tuseme upondo hujawahi kuusikia. Kile kiambishi -u- katika “aliuchukua” kinakuonyesha ni kitu kimoja. Ni kirefu, kinachomekwa chini, kinasukuma chombo. Basi ni mti wa kusukumia ngalawa, na hujagusa kamusi! Sisi wasomaji wa Kiswahili tuna bahati hapo, maana viambishi vinasema mengi, ila wengi tunavipita tu.

Kuna mahali muktadha hutoa nusu. “Aliposikia msiba, uso ulimsawijika.” Utajua uso umebadilika vibaya; lakini kwamba umekunjamana na kuingia giza kwa huzuni, hiyo ni kazi ya kamusi. Ila kwa hadithi, nusu hiyo inatosha, songa mbele. Neno likirudi mara ya pili au ya tatu, lipigie mstari ulitafute baadaye.

Mkataba wa nyumba au maelezo ya dawa ni habari nyingine, huko usikisie kabisa. Na kama kila mstari una maneno manne usiyoyajua, weka hicho kitabu pembeni kwa sasa, chukua chepesi zaidi.